Wiki Ambayo Shubiri Hakutukana

Kinyozi alifia kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha kuzunguka, akitazamana na kioo kama mtu anayengoja kuulizwa apunguzwe kiasi gani. Mteja wake ndiye aliyemkuta. Alikuwa ametoka mbio kutafuta teksi, na aliporudi nayo, hapakuwa na abiria tena. Mteja mwenyewe alikuwa amenyolewa upande mmoja tu. Kulia upara, kushoto msitu. Polisi walipofika walimkamata yeye kwanza, maana kati yake na maiti, yeye ndiye aliyeonekana ametendewa unyama.

Mtaa ulimwita kinyozi huyo Shubiri. Kila alfajiri alimeza kidonge cheupe, halafu akakitukana: kidonge chenyewe, aliyekitengeneza, na mama wa aliyekitengeneza. Ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo majirani nao walipata dozi yao. Tezi zake mbili ndogo zinazokaa juu ya figo zilikuwa zimekufa zamani, na dawa ile, haidrokotisoni, ndiyo iliyofanya kazi yao. Akimeza, yu hai. Asipomeza, mnajua wenyewe.

Inspekta aliyepewa jalada alikuwa mfupi, mwenye kitambi cha heshima na subira ya mvuvi wa bwawani. Alikuta kesi imeshaamuliwa. Mjane alikuwa amemtaja muuaji: mfamasia wa duka la kona, muuza dawa feki. Kabla inspekta hajashuka garini, vijana walikuwa wameshavunja kioo cha duka na mdomo wa mwenye duka. Sasa mfamasia yuko mahabusu, kesho asubuhi anapelekwa mahakamani kwa kosa la kuua, na nje ya geti la kituo wamekaa raia wema waliojitolea kuisaidia mahakama kwa mawe.

Ripoti za kitaalamu nazo hazikumtetea. Mkemia wa maabara aliandika kwamba vidonge vilivyokuwa ndani ya chupa ya marehemu ni chokaa ya kuimarisha mifupa, ile inayouzwa kila mahali. Daktari aliyepasua maiti alisema mtu huyu alikuwa na homa, alitapika, presha ikaanguka, na mwilini mwake hakukuwa na dawa hata ya kulambisha nzi. Boksi la sindano ya dharura lilikutwa rafuni, kando ya mashine za kunyolea. Limejaa.

Inspekta alianza na mahabusu.

"Uliuza chokaa?"

"Niliuza dawa, afande. Mwanzo wa mwezi. Chupa imefungwa, mke wake akaipokea kwa mkono wake."

"Kila tapeli husema hivyo."

"Basi chukua chupa nyingine dukani kwangu, ya aina ile ile. Lamba kimoja."

Chupa ikaletwa, inspekta akalamba. Alitema ndani ya kikombe cha konstebo, na chai ilikuwa bado haijanywewa. Uchungu ule ulimpanda hadi masikioni. Akaelewa kwa nini marehemu alikuwa akimtaja mama wa mtu asiyemjua. Kisha akalamba kimoja cha chupa ya kinyozi, jambo ambalo mkemia angelisikia angemfungulia kesi. Kilikuwa kama kulamba ukuta.

Mteja mwenye nusu kichwa alihojiwa akiwa na kofia, na hakuna aliyemwambia aivue. Alieleza kwamba mkono wa kinyozi ulikuwa ukitetemeka, jasho linamtoka, akawa anaomba chumvi alambe kama mbuzi. Kisha akatapika. Mke akaingia kutoka chumba cha nyuma, akamkalisha kitini, akasema mumewe huwa hivyo, akikaa hutulia.

"Wewe ukafanya nini?"

"Nikamwambia shemeji, huyu hatulii, huyu anaondoka. Nikatoka mbio na kitambaa shingoni."

"Wakabaki nani?"

"Wao wawili."

Upande wa pili wa ukuta aliishi fundi cherehani, mwanamama mwenye pini mdomoni hata anapoongea. Yeye hakuulizwa, alikuja kulalamika mwenyewe. Alisema marehemu, Mungu amrehemu, amemwachia aibu. Wiki nzima amechelewa kuamka, sare za watoto wa shule hazijaisha, wazazi wanamsema. Yeye saa hana. Saa yake ni matusi ya jirani.

Inspekta akaacha kuandika.

"Wiki hiyo hakutukana?"

"Hata nusu neno. Nikadhani ameokoka."

"Na kabla ya hapo?"

"Baba yangu, mwezi ulianza kwa matusi kama kawaida yake. Ulipofika mwishoni ndipo pakawa kimya."

Inspekta akapiga hesabu. Chupa ni moja. Mwanzo wa mwezi ilikuwa chungu mpaka mtaa mzima ukajua. Mwisho wa mwezi imekuwa chokaa. Dawa feki ni feki tangu dukani, haigeuki feki ikishafika kabatini. Vidonge vilibadilishwa nyumbani. Hata hivyo, mkuu wa kituo akimwomba ushahidi, atampa nini? Matusi ambayo hayakusikika?

Akaenda kliniki. Nesi wa wagonjwa wa tezi alikuwa mnene, mcheshi, na mezani pake palikuwa na machungwa yamepangwa. Alieleza kwamba kila mgonjwa huja na msimamizi wake wa dawa, na wote hukaririshwa pamoja: dawa haikai juani wala kwenye unyevu, dawa haitupwi, kidonge kikibadilika sura au ladha, uliza kabla hujameza, ukipata homa, meza maradufu, ukitapika, msimamizi achome sindano hapo hapo, hospitali mtafikia njiani. Kuchoma hujifunzia kwenye chungwa.

"Mjane ameandikisha kwamba sindano anaiogopa, hajawahi kuishika."

Nesi alicheka hadi kiti kikalalamika. "Yule? Yule alichoma chungwa, chungwa lenyewe halikujua. Nililiambia darasa zima limpigie makofi."

"Mumewe alifurahi?"

"Aah, yule na mdomo wake. Akasema, msimsifu sana, hata mbwa ukimfundisha atabeba chupa. Watu wakavunjika mbavu."

"Na wewe?"

Nesi akaanza kupanga machungwa ambayo yalikuwa tayari yamepangika.

Inspekta alirudi nyumba ya marehemu na hati ya upekuzi. Askari wenzake walipindua jalala. Yeye hakwenda huko. Alijiuliza kitu kimoja tu: mwanafunzi bora wa darasa angeificha wapi dawa asiyoruhusiwa kuitupa? Jikoni kuna mvuke. Dirishani kuna jua. Akaenda chumbani, akafungua sanduku la nguo za mjane, na chini kabisa, ndani ya soksi safi, akatoa kopo dogo la kahawia. Kifuniko kimekazwa. Ndani, vidonge vyeupe, na punje za mchele za kunyonya unyevu.

Akalamba kimoja, na tusi likamtoka kabla hajajizuia.

Ng'ambo ya ukuta, cherehani ikanyamaza.

Mjane alihojiwa mchana huo. Alikaa wima, mikono mapajani, kama yuko darasani. Inspekta aliweka kopo mezani, na kando yake chungwa.

"Mama, hili nalo unaliogopa?"

Alilisogeza chungwa likae sawa na kopo. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, bila machozi, kama anayesoma somo.

"Nilimwambia mume wangu kwamba nesi ametuletea vya aina mpya, visivyo na uchungu. Alikumbuka akauliza kwanza, kama tulivyofundishwa. Aliniuliza mimi."

"Alipopata homa?"

"Nikampa maradufu."

"Ya chokaa."

"Kanuni ni kanuni, afande."

Konstebo aliacha kuandika. Inspekta alimwonyesha kwa kidole aendelee.

Mjane alisema ameamka kabla ya mume huyo miaka yote ya ndoa, akimwekea maji, kidonge na chumvi, na kila asubuhi tusi la kwanza lilikwenda kwa kidonge, la pili kwake. Wateja walikuwa wakicheka huku wananyolewa. Hilo alilizoea. Lakini darasani siku ile, kwa mara ya kwanza maishani, watu walikuwa wamempigia makofi.

"Daktari alisema tezi zake zimekufa," akasema. "Sasa aliyekuwa akimweka hai ni nani? Ni mimi nilikuwa tezi yake. Nilitaka ajue. Nilitaka aombe."

"Mteja alipotoka mbio?"

"Akasema, sindano. Nikalichukua boksi, nikalifungua, nikahakikisha ameiona. Nikangoja neno tafadhali."

"Hakulisema."

"Alilisema. Tena akaniita mke wangu." Alipangusa vumbi lisilokuwepo mezani. "Nikamwambia, mbwa anajua kubeba chupa tu. Kuchoma hajui. Nikalirudisha boksi rafuni."

Alitia saini maelezo yake kwa mwandiko mzuri. Mfamasia alitolewa kwa mlango wa nyuma, na wale waliomvunjia kioo walikuwa wa kwanza kumwambia kwamba wao walimjua mwanamke yule tangu zamani.

Alipovishwa pingu ili apelekwe selo, mjane alisimama mlangoni, akageuka.

"Afande, vile vidonge vyake mmeviweka wapi?"

"Ni vielelezo, mama. Viko ofisini kwangu."

"Msiviache dirishani," akasema. "Jua linaviharibu."