Kitambaa Ndani ya Malkia

"Zima! Zima gari, zima!"

"Nimeshazima, shemeji."

"Mshale wa joto umegota kwenye nyekundu ndiyo unakumbuka kuzima? Ulikuwa unaangalia nini, mawingu?"

Fundi aliruka nje kabla gari halijasimama vizuri. Mvuke ulikuwa unafuka kutoka kwenye boneti kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Malkia alikuwa amechemsha katikati ya mlima, na ndani yake familia nzima ya mchumba wa Fundi, imevaa ikapendeza, ikielekea kwa wazazi wa Fundi kupanga tarehe ya harusi.

Malkia ni gari la zamani la baba wa mchumba. Mzee alilinunua kabla hajazaa, na analipenda kuliko anavyokubali kusema. Dereva wake ni mwanawe mkubwa, mtu wa maneno machache, ndiyo maana wanamwita Mpole. Na rejeta ya Malkia, ile ya kupoza maji ya injini, ilikuwa imebadilishwa juzijuzi tu na Fundi mwenyewe, kwa mikono yake, huku akijisifu.

"Jamani, mvuke huu unaniharibia mtandio," shangazi alilalamika kutoka kiti cha nyuma.

"Asubuhi uliangalia maji?" Fundi alimuuliza Mpole.

"Niliangalia. Yalijaa."

"Yalijaa! Sasa gari linachemsha kwa hasira?"

"Mpenzi, taratibu," mchumba wake alisema. Yeye ni msusi, mwanamke wa kucheka, lakini hapo hakucheka. "Kaka yangu hana tabia ya kusema uongo."

"Kwa hiyo muongo ni mimi? Hii kazi naijua. Gari hili limeuawa na uzembe wa dereva, basi!"

Aliyasema kwa sauti ili baba mkwe asikie. Ujuaji jamani, ujuaji! Mzee alisikia, tena vizuri. Alinyoosha mkono kwa mwanawe, pale pale barabarani, wapita njia wakitazama.

"Lete funguo. Malkia usimguse tena."

Mpole alitoa funguo. Safari ikafa, gari likavutwa kwa kamba mpaka gereji.

Kesho yake Fundi akaanza kutafuta ugonjwa. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Feni ilizunguka. Alichomoa thamostati, kile kilango kinachoruhusu maji kupita injini ikipata moto, akaitumbukiza kwenye maji ya moto, ikafunguka vizuri tu. Akarudisha kila kitu, akajaza maji, akawasha injini, kisha akashika mipira miwili inayopitisha maji ya rejeta. Wa juu ulimuunguza. Wa chini ulikuwa baridi.

"Maji hayazunguki," alijisemea. "Kuna kitu kimeziba."

Akazima, akasubiri ipoe, akafungua mpira wa chini, akaingiza kidole. Akavuta.

Kikatoka kitambaa cha njano.

Fundi alikitambua. Ana mtindo wake: akitoa rejeta, huziba mdomo wa mpira kwa kitambaa ili mchanga usiingie. Safari hii alisahau kukitoa. Alisimama pale, masikio yanamchoma kwa aibu, akageuka kuangalia kama kuna aliyemwona. Hakuna. Akakisokomeza kwenye mfuko wa ovaroli.

Simu ikalia. Meseji ya msusi: "Gari linasemaje?"

Akaandika: "Kosa ni langu." Akafuta. Akaandika tena: "Thamostati ilikufa. Ndiyo mambo ya gari lisiloangaliwa." Akatuma.

Jibu likarudi: "Sawa. Tunakuja."

Walikuja wawili, msusi na Mpole. Mpole alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi. Sikulala. Nimewaza mpaka sasa hata mimi sijiamini. Huenda kweli sikuangalia vizuri. Naomba uniombee kwa baba."

"Na mimi nilikujibu mbele za watu," msusi akaongeza. "Nisamehe."

Fundi angeweza kusema "yameisha" na yangeisha. Lakini alimtazama yule mwanaume mzima anayeomba radhi kwa kosa lisilo lake, akajiona mdogo kuliko kokoto. Akatoa kitambaa mfukoni.

"Hiki kilikuwa ndani ya mpira. Nilikisahau mimi. Shemeji, wewe huna kosa."

Mpole akakaa juu ya tairi taratibu.

"Kumbe maji yalijaa," alisema.

Msusi hakumtazama kaka yake. Alimtazama Fundi.

"Na meseji ya thamostati?"

"Nilishakiona kitambaa."

"Ukatuma hivyo hivyo? Ukamwacha kaka yangu akuombe radhi mpaka akamaliza?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani? Yake hukuiona!"

"Nisamehe, mpenzi."

"Utaenda kusema nyumbani, mbele ya wote waliokuwa kwenye gari."

"Hata shangazi?"

"Hasa shangazi!"

Jioni Fundi alisimama sebuleni, akasema yote, meseji na uongo wake humo humo. Shangazi akashika kiuno: "Na mtandio wangu je?" Hakuna aliyecheka.

"Nimechemsha, baba," Fundi alimalizia.

"Umechemsha kweli," mzee alisema. "Gari si hoja. Nimemdhalilisha mwanangu barabarani kwa mdomo wako."

Mzee akainuka, akamwekea Mpole funguo kiganjani. "Nisamehe, baba," alimwambia mwanawe, macho chini. Kisha akamgeukia binti yake. "Huyu mtu wako bado unamtaka?"

"Nampenda. Lakini nimemkasirikia," msusi alijibu. "Jumamosi twendeni kwao kama tulivyoahidi. Jibu nitalitoa huko huko."

Jumamosi Mpole aliendesha. Fundi alibanwa nyuma, kati ya mama mkwe na shangazi. Mlima wakaupanda na mshale haukusogea.

Walipokaa tu, mama yake Fundi akauliza:

"Siku ile mlikwama wapi? Mwanangu alinipigia akasema dereva wenu aliua gari."

Msusi hakumsaidia. Fundi alimtazama mama yake, mtu pekee duniani aliyeamini kwamba yeye hakosei.

"Nilikudanganya, mama. Nilisahau kitambaa ndani ya gari, nikamsingizia shemeji yangu. Huyu hapa. Si mzembe. Mzembe ni mimi."

Mama yake aliinamisha uso. Fundi naye akainamisha wake, machozi yanamdondoka kwenye magoti, mbele ya wakwe.

Msusi akahama kiti, akaja kukaa ubavuni mwake.

"Mama," alimwambia mkwewe, "sasa tupange tarehe."