Siku Gari ya Baba Ilikataa Kuwaka

Nina miaka thelathini na sita. Nina watoto wawili. Ninawaandikia nikiwa Beni, katika chumba ambamo mama yangu alikata roho bila mimi kumshika mkono. Wasomaji wenzangu, naomba msinihukumu haraka. Nisikilizeni kwanza.

Mimi ni mtoto wa Butembo. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa viazi. Alivichukua Kipese na kuvishusha Beni kwa camionnette yake ya zamani, gari ndogo ya mizigo iliyonizidi umri mimi mwenyewe. Nyumbani tuliiita Mukaka, yaani bibi kizee kwa Kinande. Ilikuwa na taa za mviringo, rangi ya maziwa, na viti vilivyonuka viazi na mafuta. Maharusi walikuwa wakija kuiomba ili wapigwe picha wakiwa wameketi ndani.

Baba alipofariki aliniachia mimi gari hiyo. Kaka zangu walinuna, lakini neno lake halikurudishwa. Mama alirudi Beni, kwenye nyumba ya wazazi wake, nami nikabaki Butembo na mume wangu.

Mume wangu ni Kasereka. Anauza vipuri vya pikipiki. Halewi, hanipigi, na kila Jumapili yuko kanisani. Wanawake wenzangu walinionea wivu! Mimi nilikuwa na ruhusa ya kuendesha, lakini capot, yaani kifuniko cha moteri, sikuwahi kuifungua. Nilipojaribu kuuliza, alinicheka kwa upole.

"Mama Élodie, weye endesha tu. Mambo ya moteri iko ya mwanaume. Utachafua mikono bure."

Niliona ni mapenzi... Kumbe!

Basi, Mukaka ilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Jumapili, tukienda misa pamoja, iliwaka mara moja. Nikisema nataka kwenda Beni kumwona Mama, asubuhi hiyo haiwaki. Nikialikwa arusi Alimbongo, haiwaki. Niliitwa kwenda kufundisha katika shule moja ya Beni, nikajiandaa, nikavaa nguo mpya... haiwaki! Kasereka alikuwa akifungua capot, akishikashika huku na huku, kisha akitikisa kichwa.

"Iko vieux, imezeeka, bibi. Tufanye aje?"

Nami nilirudi ndani na kuvua viatu. Nafasi ile ya kufundisha ikachukuliwa na mwingine. Yeye mwenyewe alikwenda Beni kila alipotaka, kwa pikipiki, na kurudi na salamu za mama yangu. Nikimwambia nami nipande pikipiki au basi, alikunja uso. Barabara ile inaua, alisema. Kaka yake mkubwa alikufia huko. Hilo lilikuwa kweli, tulimzika sote. Ningebishana namna gani na kaburi?

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Nyumba, soko, misa. Nyumba, soko, misa. Nilikuwa na gari uani, na sikuwa na pa kwenda.

Kisha ikaja asubuhi ile. Jirani wa Mama, Mama Kahambu, alinipigia simu. Alisema Mama ameanguka, hawezi kusimama, ananiita kwa jina. "Kavira, njo leo. Hapana kesho. Leo."

Nilitoka mbio na ufunguo mkononi. Moteri ilizunguka, ikazunguka, ikazunguka... haikuwaka. Nilipiga kelele. Kasereka alitoka na kuvua koti.

"Usilie. Ntaitengeneza sasa hivi. Ikaa ku volani."

Niliketi kwenye usukani. Yeye alikuwa mbele, kichwa chini ya capot. "Washa!" Niliwasha. "Zima!" Nilizima. "Ngoja kidogo... washa!" Betri ikafa. Alikwenda kuazima nyingine, nami nikamshukuru, jamani, nilimshukuru! Nilimwambia niende hata kwa pikipiki au basi. Akasema gari iko karibu kupona, nisihatarishe maisha, watoto wakabaki yatima. Mchana ukapita. Shingo iliniuma, mguu ulikufa ganzi, simu ililia na Mama Kahambu akauliza nimefika wapi. Nilijibu niko njiani. Njiani! Nilikuwa uani kwangu, nimefungwa kama kuku kwenye kikapu.

Jioni askari walifunga barrière, kizuizi cha barabara ya Beni, na gari hazikupita tena. Kasereka alifuta mikono, akanikumbatia. Kulipopambazuka simu ililia. Sikuipokea. Nilijua tayari.

Nilifika Beni kwa basi, kumzika tu.

Baada ya matanga nilirudi Butembo nikiwa kama mtu aliyevuliwa mifupa. Usingizi ulinikimbia. Nilikuwa naiangalia Mukaka kupitia dirisha, naichukia. Kisha siku moja nikajiuliza, hivi kweli ninaichukia kwa kosa gani? Sijui hata ndani yake mna nini!

Parokiani kwetu kulikuwa na Masoeur mmoja, mtawa aliyeendesha jeep ya wagonjwa na kuitengeneza mwenyewe. Nilimwomba anifundishe. Hakuniuliza kwa nini. Kila Jumamosi, wakati Kasereka anadhani niko mazoezi ya kwaya, mimi nilikuwa kwenye garage ya parokia nimefunga kitambaa kichwani. Nilijifunza kupima huile, mafuta ya moteri, kwa kijiti chake kiitwacho jauge, kuangalia maji, kubonyeza mkanda na kujua kama umelegea. Mara ya kwanza kufungua bougie, ile plagi ya kutoa cheche, niliivunja. Masoeur alicheka, akanipa nyingine.

Akaniambia gari ya essence, yaani petroli, inaomba vitu vichache tu ili iwake: essence, hewa, na cheche ya moto. "Ikikataa, usilie. Iulize kimoja kimoja, itakujibu." Akanionyesha delco, kile kikombe chenye nyaya kinachogawa moto, na ndani yake kipande kidogo kinachozunguka, kinachoitwa doigt. Kinaingia mfukoni bila kuonekana. Kikikosekana, moteri itazunguka mpaka kesho na haitawaka.

Nilisikia, nikaelewa, na sikufikiria lolote. Naapa!

Ikafika siku ya kwenda misa ya arobaini ya Mama. Nilimwambia Kasereka nitakwenda na watoto. Akakubali, akaondoka mapema kwenda dukani. Nilikaa kwenye volani, nikazungusha ufunguo... haikuwaka.

Safari hii sikulia. Nilifungua capot. Essence ilikuwapo. Nilitoa bougie, nikamwambia binti yangu Élodie azungushe ufunguo, nikatazama. Hakuna cheche. Nikafungua kifuniko cha delco.

Mahali pa doigt palikuwa patupu.

Niliketi chini, kwenye udongo, kwa nguo zangu za misa. Kisha nilimpigia simu Masoeur, nikidhani labda ni mimi nisiyejua kuangalia. Aliniuliza nimeona nini, nikamweleza.

"Ile kitu haina miguu, Mama Élodie. Kuko mutu aliitosha, aliiondoa."

Saa ya kula Kasereka alirudi. Nilimwandalia ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Karibu na sahani yake niliweka kile kifuniko cha delco, na nyaya zake zikining'inia. Alikiangalia. Nilimuuliza swali moja tu.

"Doigt iko wapi?"

"Nani alikufundisha?"

"Nakuuliza, doigt iko wapi?"

Mkono wake ulipanda polepole hadi mfuko wa shati. Akaitoa na kuiweka mezani. Alianza kulia, mwanaume mzima. "Mi naogopaka, Kavira. Ile route ilikula mukubwa yangu. Kama unatoka, mi siwezi kupumua. Nilikuwa nakuchunga tu."

"Na siku ya Mama?"

Alifunika uso.

"Kasereka! Nilikaa ku volani siku nzima. Ulikuwa unaniambia washa, zima. Ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa mu poche," alisema, akigusa mfuko wa shati. "Hii hii."

Wasomaji, sikumpiga. Sikumtukana. Mimi mwenyewe niliirudisha doigt mahali pake, nikafunga bougie, nikabana kifuniko, nikapima huile, nikaongeza maji. Mukaka iliwaka mara moja. Alisimama mlangoni akinitazama. Nilipakia watoto, nikateremka hadi Beni, nikakuta misa imekwisha na watu wametawanyika.

Mama Kahambu alinipokea. Akaniambia siku ile Mama aliomba kitanda chake kigeuzwe kielekee dirishani, ili aione gari ya Baba ikiingia. Kila gari iliyopita aliuliza, "Ni yeye?"

Familia zilikutana. Nilidhani nitatetewa. Ee! Kaka zangu wenyewe waliniuliza jeraha liko wapi. Hakukupiga, hakuleta mwanamke, alikuogopea tu... urudi kwa bwana yako! Sikuwa na alama ya kuwaonyesha. Hapo nilijua kuwa kuta zilizonifungia Butembo hazikuwa za nyumba yangu peke yake; ndugu zangu nao walikuwa ukuta.

Sikurudi. Nafundisha hapa, ninaishi katika nyumba ya Mama. Kasereka huja kuwaona watoto, huketi kibarazani, na bado analia. Mara nyingine namhurumia, kwa sababu hofu yake ilikuwa ya kweli. Mimi pia huogopa kila ninapoipita barabara ile. Lakini naipita.

Dada zangu, nawasihi. Mtu akikuambia usichafue mikono, ichafue! Fungua, angalia, uliza, jua kitu chako kinafanyaje kazi. Usikubali kupendwa hadi usiweze kutoka nje ya lango. Na ninyi wanaume mnaochunga kwa kufunga, mtakuja kumwambia nini mama aliyekufa akiangalia dirishani?

  Kama mama yako anakuita, nenda leo.