Wasomaji Thelathini na Wanane

Zipu ya begi ililia gizani, polepole, ili binti wa miaka sita asiamke. Mama yake, mshona nguo, alikuwa akipakia nakala za riwaya aliyoichapisha kwa akiba ya miaka mitatu. Kulipopambazuka alikuwa stendi, gauni la bluu limenyooshwa pasi, akijaribu kuwauzia wasafiri waliomwona kama hewa.

"Mwandishi ndiye wewe?" aliuliza kijana mwenye wino kwenye kucha.

"Ndiye mimi. Unanunua au unanikagua?"

"Vyote."

Alikuwa mpiga chapa wa kadi za harusi. Mapenzi yakakolea kwenye simu.

"Kipenzi, nimekupatia mteja mwingine. Muuguzi. Anataka saini yako."

"Nimwandikie nini?"

"Kwamba asichoke."

Kila wiki alileta oda za wengine na kuondoka na vitabu vyao: mjane, dereva wa lori, mwalimu mstaafu. Mwandishi akamwandikia kila mmoja neno la moyoni, akalala akiwawaza. Walipofika thelathini na wanane, akaaga karakana ya kushonea ili aandike kitabu cha pili.

"Usiharakishe, kipenzi," alisema mpiga chapa, macho chini.

"Unauogopa utajiri wangu?"

Siku moja mwandishi alimpelekea chakula kazini. Hakumkuta, akafungua kabati kutafuta sahani. Vitabu thelathini na vinane vilipangwa humo, hata kimoja hakijakunjwa mgongo. Alifunua cha juu. *Kwa mjane: pole, utacheka tena.*

Mpiga chapa aliporudi, alimkuta ameketi sakafuni.

"Kuna hata msomaji mmoja wa kweli?"

"Kila siku ulikuwa unarudi na begi limejaa vilevile. Nilishindwa kukutazama."

"Hela ulitoa wapi?"

"Zile za harusi yetu."

"Kwa hiyo harusi yetu ndiyo hii, kabatini."

"Nilijua wa kweli watakuja tu. Nilikuwa nawasubiri."

"Ungeniambia haviuziki, ningeshona mchana na kuandika jioni. Kukosa hela nimezoea." Akakifunga kile kitabu. "Lakini yule mjane nilikuwa namwombea."

Kule karakana, cherehani yake ilikuwa imekwisha kupata mtu. Akapewa kazi ya kukata nyuzi, kwa nusu ya mshahara wa zamani. Jioni ya tatu, hodi ikapigwa nyumbani kwake.

"Nimekisoma," mpiga chapa alisema nje ya mlango. "Mpaka mwisho."

"Leo ndiyo unakisoma?"

"Leo ndiyo. Nilikuwa bize kukinunua."

Kicheko kilimtoka, akakizima kwa kiganja. "Nenda nyumbani, mpenzi," alisema, na neno la mwisho lilimponyoka.

Akaosha mchele, akausahau, akauosha tena. Binti alipanda kiti, akachungulia dirishani.

"Mama, anko bado amekaa kwenye ngazi."