Moto wa Katikati ya Njia

Kila jioni, akishaosha vyombo, Chiriku alitoka mbio kwenda kucheza na wenzake. Jina hilo alibandikwa na bibi yake kwa sababu ya kusema bila kituo. Siku hizo mchezo ulikuwa mmoja tu: kuwasha moto mkubwa katikati ya njia, kwa maboksi na matairi mabovu, kisha kuuzunguka wakiimba.

Siku moja mwenyekiti wa mtaa alipita na kipaza sauti. "Kuanzia leo, marufuku kuwasha moto njiani! Anayetaka aende uwanjani, na mtu mzima awepo."

"Wakubwa hawapendi kutuona tukicheka," Chiriku alinung'unika. Jioni hiyohiyo akawashawishi wenzake, na kiberiti akakiwasha mwenyewe.

Moto ulikuwa umekolea pale teksi ilipotokea, ikipiga honi mfululizo. Kwenye kiti cha nyuma alijikunja fundi cherehani, jirani yao, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mumewe alichungulia dirishani, jasho likimtiririka. "Jamani watoto, tupisheni!"

Wenzake Chiriku wakatimua mbio. Naye miguu ilimwasha kukimbia, lakini kilio cha fundi kilimkata maini. "Bibi! Majirani! Leteni mchanga!" alipiga kelele. Watu wakatoka na ndoo na makoleo. Chiriku alizoa mchanga kwa mikono, moshi ukimtoa machozi, mpaka tairi likavutwa pembeni na teksi ikapita.

Asubuhi habari zikafika: fundi amejifungua salama, mtoto wa kike. Bibi alikuwa bado anashangilia mwenyekiti alipobisha hodi.

"Nani aliwasha moto ule?" aliuliza.

Chiriku akasogea mbele. "Ni mimi, babu. Tangazo nililisikia vizuri, nikakaidi tu."

Bibi akashika kiuno. "Wewe Chiriku, leo maneno yameishia hapo tu?"

Mwenyekiti akacheka kidogo, kisha akavuta kigoda, akaketi. "Mjukuu wangu, nami nina kosa. Nilitangaza marufuku bila kuwaeleza sababu. Njia ni ya mgonjwa, ya mama mjamzito, ya kila mtu. Hatukutaka kuwanyima furaha. Tulitaka furaha yenu isimfungie mwenzenu njia. Jana ungeweza kukimbia, ukabaki. Leo ungeweza kudanganya, umesema kweli. Basi waite wenzako, msafishe majivu yale, na sababu uwaeleze wewe. Wewe watakusikiliza kuliko kipaza sauti changu."

Chiriku alichukua ufagio, akatoka kwenda kuwagongea milango.