Chupa Iliyosuuzwa

Jumamosi iliyofuata Pasaka ndiyo siku mambo yalipoharibika. Efrazia alimpelekea baba yake, Stephano, chai na magimbi kwenye karakana ya kioo nje kidogo ya Lushoto, kama kila Jumamosi. Humo Stephano alisafisha kioo kwa moto: alikifungia ndani ya chupa ndefu, akakichemsha katika tanuri mpaka kikawa mvuke na kuacha uchafu nyuma. Kioo hicho safi kilivutwa kuwa nyuzi za kupitishia mwanga wa joto, ule usioonekana kwa macho.

Baba alipotoka kunawa, Efrazia aliona chupa mpya mezani. Kijijini kwao Mgwashi chombo kipya hakitumiki kabla ya kusuuzwa kwa maji. Akaisuuza, akaikung'uta, akairudisha. Baba aliporudi, akaijaza kioo na kuifunga bila kuambiwa.

Adhuhuri tanuri likalipuka. Vipande viliruka kama risasi. Kimoja kikampasua Stephano shavu, damu ikachirizika hadi kwenye buti.

"Ni Faraji!" alifoka meneja, Bwana Valentino. "Si ndiye anayefagia humu?"

Mafundi wakamvamia kijana wa watu. Makofi, mateke, rungu la mlinzi.

"Leo utatapika ulichoweka humo, mtu wa kuja kutoka Mnazi wewe!"

"Wallahi sijagusa, kaka zangu!"

Jino likadondoka sakafuni. Fundi mmoja akainua koleo la chuma. Efrazia, aliyekuwa bado pale akisubiri vyombo vya chai, akajua kuwa akinyamaza, mtu atakufa. Akajitupa juu ya Faraji.

"Mwacheni! Ni mimi! Niliisuuza chupa kwa maji!"

Koleo likabaki hewani. Stephano, damu ikimtiririka, akamwinua Faraji kwanza. "Tusamehe, mwanangu." Kisha akamgeukia bintiye. "Maji yakifungiwa, moto huyageuza baruti. Na hata chupa isingepasuka, tone moja tu ndani ya kioo lingemeza mwanga wote. Kunyamazia kosa ni hivyo hivyo, Efrazia. Ukigusa kitu, sema papo hapo."

"Nisamehe, baba. Nisamehe, kaka Faraji."

Faraji akatema damu. "Ungesema asubuhi, ningekuwa bado na jino langu. Haya, yameisha."

Bwana Valentino alikuwa ameshaanza kupapasa funguo za gari. Stephano akamzibia mlango.

"Pampu ya kunyonya unyevu kwenye chupa imekufa tangu vuli, bosi. Nilikuambia, ukasema tuchape kazi tu. Ingekuwa nzima, tone lile lingetoka kabla sijaifunga chupa. Mtoto amekiri kosa lake mbele ya watu. Lako atalikiri nani?"