Samaki Aliyepikwa kwa Simu

Mambo yalianza kwenda kombo Alhamisi, tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, pale wakubwa wa karakana ya mabasi walipofunga kantini ya wafanyakazi. Walibandika karatasi mlangoni: imefungwa kwa usalama wa moto. Moto gani, hakuna aliyeuona. Karakana nzima moto ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye wenzake walimwita Cheche, na moto wake huo wakubwa hawakuwahi kuuogopa hata siku moja. Miwani yenyewe ya kukinga macho alijinunulia.

Kwa mwanamume mwenye mke, kantini kufungwa ni jambo la kunung'unikia kidogo kisha ukaenda zako nyumbani kula. Cheche alikuwa mgane. Mkewe alifia katika wodi iliyokuwa ikisubiri mashine ya hewa, na mashine ilikuwa ikisubiri sahihi ya mkubwa mmoja aliyekuwa safarini. Tangu hapo mchana alikula kantini, na jioni alikula kile alichofungiwa na mpishi wa kantini. Sufuria za marehemu alizifunga kwa magazeti akazipandisha juu ya kabati. Ijumaa alikula mkate. Jumamosi alikula mkate. Jumapili binti yake, aliyeolewa mbali, akampigia simu.

"Baba, umekula nini?"

"Nimekula."

"Sijauliza kama umekula. Nimeuliza nini."

"Mkate, mwanangu."

"Utageuka hamira, baba. Nenda sokoni ukanunue samaki. Samaki hasumbui, wala hakawii kuiva."

Alivaa shati lake jeupe la Jumapili akaenda. Soko la samaki lilikuwa limefurika watu na ndoo zao, magamba yakiruka kama vumbi la msumeno, maji yakitiririka chini hadi kwenye viatu. Paa lilivuja. Wakubwa wa soko walikuwa wamepaka geti rangi mpya.

Akasimama mbele ya meza ya barafu, akamgonga samaki mmoja kwa kidole, kama anavyogonga bati la basi kusikia kama limeliwa na kutu.

"Kaka, huyo ni samaki, si tairi," sauti ikasema. "Hapimwi kwa kudundwa."

Aliinua macho. Aliyesema alikuwa mwanamke aliyevaa aproni ya mpira ya kijani, viatu vya mvua, na kilemba cha manjano kilichofungwa upande kwa madaha, utadhani chini ya kilemba kulikuwa na sherehe na chini ya aproni kulikuwa na kazi. Vipuli vyake vilikuwa vidogo, vinang'aa kuliko barafu yake. Soko zima lilimwita Bi Barafu.

"Nataka ambaye hajafa zamani," Cheche akasema.

"Mtazame jicho. Likiwa limetuna na linang'aa, mchukue. Likizama kama la mlevi, mpite. Mfunue mashavu, ndani awe mwekundu. Kisha mnuse. Asinuke samaki."

"Samaki asiyenuka samaki?"

"Ndiye huyo wa kununua." Akamwinua mmoja, akaanza kumpara. "Mkeo anapenda nimkate vipande au nimwache mzima?"

"Mke wangu ametangulia."

Kisu kikasimama. "Pole, kaka. Sasa anapika nani?"

"Mimi."

"Umewahi kupika?"

"Nimewahi kuchemsha maji."

"Yakaiva?"

"Yaliisha."

Bi Barafu akacheka mpaka akaweka kisu chini. Akamtajia namba yake ya simu. "Ukiwasha jiko nipigie. Usisubiri uunguze ndipo uniite, mimi si zimamoto."

Jioni alipiga. Alikuwa ameshusha kikaango cha marehemu na kukifuta kwa mkono wa shati.

"Mkaushe kwa kitambaa, ndani na nje," akaambiwa. "Maji na mafuta hawajawahi kuelewana. Umekausha? Mchanje mgongoni, palipo na nyama nene, moto upite. Chumvi, ndimu. Mafuta yamepata moto?"

"Nitajuaje?"

"Chovya ncha ya mkia. Akiimba, mlaze taratibu, kichwa kwanza, mafuta yasikurukie. Sasa sogeza simu kwenye kikaango nimsikie."

Cheche akasogeza simu. Mafuta yalikuwa yakipiga kelele. Mwanamke upande wa pili akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua.

"Nimgeuze?"

"Usimguse."

"Lakini nahisi—"

"Fundi, usimguse. Mwache ajiachie mwenyewe. Ukimlazimisha atakuachia ngozi. Akiwa tayari atabanduka bila kuombwa."

Ikawa hivyo. Kelele zikapungua, samaki akateleza kwenye kikaango, akageuka mzima, wa rangi ya asali. Cheche akampakua. Akasubiri simu ikatwe. Haikukatwa.

"Kula basi," Bi Barafu akasema.

"Na wewe unafanya nini?"

"Nipo."

Alikula simu ikiwa kando ya sahani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nyumba ile ilikuwa na watu wawili mezani. Usiku alilala na yale maneno, mwache ajiachie mwenyewe, akiyarudia kama mtu aliyepewa siri yake peke yake.

Wiki zikapita. Akafundishwa kutandika nyanya na vitunguu kwenye sufuria, kumlaza samaki juu yake, kufunika na kuacha moto mdogo bila kuongeza maji, maana atatoa yake. Akafundishwa kumfunga kwenye karatasi ya foili na kumweka juu ya makaa, na kumjua aliyeiva kwa kumgusa na uma, nyama inapoachana na mfupa bila ugomvi. Katikati ya masomo yakaingia mengine. Alisimuliwa habari za mume wa Bi Barafu, aliyeondoka akisema hawezi kulala na harufu ya samaki, akahamia kwa muuza marashi. Naye akasimulia habari za wodi. "Fundi" ikawa "fundi wangu". Siku moja Cheche akajikwaa akasema "laazizi", na sauti ya upande wa pili ikasema, "Geuza samaki, laazizi, anaungua."

Penzi likaja na ndugu yake, wivu. Cheche akaanza kupitia sokoni akitoka kazini, anasimama nyuma ya mizani na kuwatazama wanaume. Huyu kwa nini anachekewa? Yule mwenye kofia, samaki mmoja ndio anamchagua muda wote huu? Alimwonea wivu hata mzee mleta barafu, kwa kuwa aliitwa "baba yangu" na akapewa kiti.

"Unanilinda kama benki," Bi Barafu alimwambia.

"Napita tu."

"Kila siku? Basi njia yako ina shida."

Halafu simu ikaanza kutumika. Jioni anawasha jiko, anapiga, anaambiwa namba anayoipiga inatumika. Anazima jiko, anawasha, inatumika. Ikipatikana, Bi Barafu anasema kulikuwa na mteja. Mteja saa ya kupika? Wivu ulimkaa kooni kama mwiba ambao kila ukimeza unazidi kushuka na kuchoma.

Siku moja mchana, akiwa anapeleka vipimo ofisini kwa msimamizi wa karakana, pua yake ikamsimamisha ukumbini. Samaki. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Msimamizi yule yule aliyebandika karatasi ya usalama wa moto alikuwa amekunja mikono ya shati, tai ameitupa begani, ameliinamia jiko la umeme juu ya kabati la mafaili. Simu yake ilikuwa imewekwa sauti ya juu.

"Nimgeuze?" msimamizi aliuliza.

"Usimguse, bosi," simu ikajibu. "Mwache ajiachie mwenyewe."

Maneno yale yale. Sauti ile ile.

"Sauti yako tamu kuliko samaki," msimamizi akasema. "Njoo unifundishe ana kwa ana. Kwangu kuna jiko la sahani nne."

Bi Barafu akacheka.

Cheche hakungoja zaidi. Alirudi kwenye chuma chake, akawasha moto, akatoboa tundu kwenye bodi ya basi ambayo haikuwa na kosa lolote. Kantini wameichukua, alijiambia. Hewa ya mke wangu waliichelewesha. Sasa wanataka na huyu. Jioni alikwenda sokoni na ovaroli lake, uso una masizi, akawapita wateja waliopanga mstari.

"Unawafundisha wangapi?" akauliza.

"Wengi," Bi Barafu akasema, akiendelea kupara. "Kantini yenu imefungwa, karakana yote inanipigia. Wananunua hapa hapa. Kuna nini?"

"Maneno yangu unampa msimamizi."

"Maneno yako yapi?"

"Mwache ajiachie mwenyewe."

Wateja walitazamana. Mama mmoja alishusha ndoo yake chini ili asikie vizuri.

"Hayo si maneno yako, hayo ni ya samaki," Bi Barafu akasema polepole. "Nimeyasema kwa wajane, kwa wanafunzi, kwa bwana mmoja wa magereza. Ulitaka samaki wa wengine waungue?"

"Nilitaka usicheke naye."

"Nicheke na nani? Nikuombe kibali?" Akafunga samaki wa mteja, akampa. "Fundi, niliishi na mtu aliyenipangia niwe na harufu gani. Sitaishi na wa kunipangia nicheke na nani. Toka, unazuia watu."

Siku zilizofuata Bi Barafu hakupokea simu. Cheche akajaribu peke yake. Samaki alipolia tu akaingiza mwiko kwa nguvu, ngozi ikabaki kwenye kikaango, nyama ikawa makombo. Alikula makombo akiwa amesimama. Nyumba ilikuwa na mtu mmoja tena, na safari hii hapakuwa na mkubwa wa kumlaumu, ingawa alimtafuta.

Binti akapiga. Cheche akamweleza yote, akizunguka zunguka, mpaka kwenye ule mwaliko wa jiko la sahani nne.

"Na yeye alijibu nini?" binti akauliza.

"Alicheka."

"Baada ya kucheka, baba."

"Sikusubiri."

"Basi umegombana na nusu ya simu. Na huyo mama sijamwona, lakini tangu uanze kula kwake umeacha kunijibu 'nimekula'. Usimpoteze mtu hivi hivi."

Jumamosi asubuhi Cheche alifunika sufuria: nyanya chini, vitunguu, samaki mzima juu, moto mdogo, bila maji. Hakumpigia mtu. Alisikiliza mwenyewe. Aliifunga sufuria kwa taulo, akavaa shati jeupe, akaibeba kifuani kama mtoto mgonjwa mpaka sokoni. Saa ile wateja walikuwa wamepungua. Bi Barafu alikuwa ameketi juu ya kreti, kilemba chake leo cha bluu, miguu ameinyoosha.

"Kama umekuja kuhesabu wanaume, leo wapo wachache," akasema.

"Nimekuja na chakula."

"Umemleta samaki sokoni? Akili zako hizo."

"Onja."

Bi Barafu akasogeza sufuria. Akanawa mikono, akafunua, mvuke ukampiga usoni. Akachota, akatafuna, akachota tena.

"Chumvi imezidi," akasema. Kisha macho yake yakajaa, akageuza uso upande wa mizani. "Watu wanafikiri muuza samaki anashiba harufu. Hakuna mtu aliyewahi kunipikia samaki. Hata mama yangu, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa napika."

Cheche akachuchumaa mbele ya kreti, shati jeupe likigusa maji ya chini. "Nilikukosea. Yule msimamizi ulimjibu nini?"

"Sasa ndiyo unauliza? Nilimwambia somo langu linaishia kwenye simu, na mkewe akirudi safari ampe salamu zangu." Akafuta mikono. "Yeye, na wote, samaki akishapakuliwa nakata. Nina kazi. Wewe tu ndiye niliyebaki nikisikiliza unavyotafuna. Na unatafuna vibaya, fundi, kama mtu anayevunja kuni."

Cheche akacheka, kicheko kikatoka na kitu kingine kilichokuwa kimekaa ndani muda mrefu. "Basi njoo usikilize karibu. Nataka nikuoe. Nitapika mimi. Utarudi umechoka utanikuta jikoni."

Bi Barafu alikuwa bado na kijiko mkononi pale simu yake ilipoanza kuita, juu ya meza, katikati ya barafu na sufuria. Cheche akaitupia jicho kabla hajajizuia. Kwenye kioo hapakuwa na jina, namba tupu tu.

Bi Barafu aliliona lile jicho. Akaweka kijiko chini.

"Tuseme nimekuja," akasema. "Ni jioni, uko kwenye kikaango, mimi nimekaa nimevua viatu. Simu inaita hivi hivi. Ni mwanamume, humjui, sauti yake nzuri, anataka kujua amgeuze au asimgeuze. Na mimi nitamwambia yale yale niliyokwambia wewe, pengine nitacheka."

Cheche alifungua mdomo. Neno lilikuwa karibu, alilisikia, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kukunja ngumi wenyewe juu ya goti, na wote wawili walikuwa wakiutazama.

Simu iliendelea kuita.

"Nijibu, fundi wangu. Utaniacha niipokee?"