Akaunti ya Christa

Asubuhi hiyo ajenti ilimsalimu kila mtu wa depo kwa jina lake, isipokuwa Séphora.

Depo ilikuwa ya kahawa na kakao, katika komini ya Mususa, Butembo, na mwenyewe alikuwa Luc Kambere, mume wa Séphora. Ajenti ilikuwa programu ya akili bandia iliyokaa ndani ya kompyuta ya ofisi. Ilijibu ujumbe wa wakulima, iliandika oda, na kwa wasiojua kusoma ilizungumza kupitia spika. Simu ya mtu iliposhika mtandao wa ofisi, ilimsalimu mwenye simu. Ilipofika zamu ya Séphora ilisema, "Na mugeni mumoja."

Luc alicheka. "Machine inakutania."

"Niko bibi yako tangu kiangazi. Ugeni inaisha lini?"

"Zacharie anakuya leo. Atatengeneza."

Luc alimtoa Séphora kwao Bungulu, mjini Beni, baada ya kufiwa na mkewe wa kwanza, Christa, na kabla matanga ya Christa hayajamalizwa. Christa ndiye aliyeileta ile kompyuta. Alikaa mbele yake kila siku, akisugua viganjani majani ya citronnelle, yaani mchaichai, pete yake ikigonga vibonyezo alipoandika. Séphora hakuwahi kumwona. Alimjua kwa midomo ya watu, na watu walisema mno: chai ya Christa, hesabu za Christa, namna Christa alivyowapokea wageni. Wiki yake ya kwanza nyumbani, Séphora aling'oa citronnelle yote iliyokuwa nyuma ya jiko. Aliyemuuliza alimwambia inaleta nyoka.

Zacharie, fundi wa kompyuta, alifika na kuanza kuimarisha ulinzi. Alifunga njia za mtandao ambazo hakuna aliyezitumia. Alibadilisha maneno ya siri. Aliinyang'anya ajenti ruhusa isizozihitaji.

"Ajenti iko kama mutu wa kazi," alieleza. "Unamupa ufunguo ya depo. Ya chumba ya kulala, hapana."

Kisha akasimama kwenye akaunti moja.

"Patron, hii compte ya Christa iko na ruhusa yote. Mwenye kuiingia anaweza kuamuru ajenti kitu yoyote. Tuifute."

"Hapana," Luc alisema. "Bado hatujamaliza matanga."

Katika familia yao, mpaka siku ya kumaliza matanga, nguo za marehemu hubaki zimetundikwa, kiti chake hakihamishwi, na jina lake halifutwi popote. Hakuna aliyewahi kuuliza kama kompyuta imo. Luc aliamua imo.

"Basi tubadilishe mot de passe, ile neno ya siri."

"Nimesema isiguswe."

"Sawa. Mais mulango moja ikibaki wazi, kufunga ingine zote nimefanya kazi ya bure."

Tangu hapo ofisi ilinuka citronnelle. Harufu ilikuja mvua inapoanza, ikakaa karibu na kiti cha Christa. Kisha ukaja mlio: vibonyezo vikigongwa haraka, na kati yake kitu kigumu, kama chuma, kikigusa plastiki. Séphora akifungua mlango, mlio ulikoma. Wakulima wa Lubero wakaacha kumpigia Séphora; ajenti iliwaambia si yeye mwenye depo. Mwishowe mama yake alipiga simu kutoka Bungulu, akilia.

"Ulifanyia batu nini, mutoto wangu?"

"Sikufanya kitu, mama."

"Depo imeniandikia. Inasema, 'Kuyeni mukamate mutoto wenu. Hii nyumba iko na mwenyewe.'"

Zacharie aliitwa tena. Alitazama kumbukumbu za mashine kwa muda mrefu.

"Amri imetoka kwa compte ya Christa," alisema kwa sauti ya chini. "Na haikutoka inje. Imeandikwa hapa hapa, kwa hii clavier." Alionyesha vibonyezo.

Alichomoa waya wa mtandao. Wakasimama wote watatu, yeye, Luc na Séphora, mvua ikipiga mabati, na ndani ya kelele ya mvua wakausikia ule mlio wa pete ukianza, polepole kwanza, kisha kwa haraka ya mtu mwenye mengi ya kusema, huku vibonyezo mbele ya macho yao havishuki, na harufu ya majani yaliyosuguliwa ikipanda mpaka Zacharie akaziba pua na kurudi nyuma mpaka ukutani.

Luc akamwita shangazi yake, Kahongya, aliyekuwa akitibu watu Lubero. Mama huyo alikaa kwenye benchi, mbali na kile kiti, akasikiliza.

"Ni yeye," alisema. "Iko na wivu, na wivu yake ina sababu. Mulileta bibi mupya juu ya matanga yake. Musimufukuze. Jumamosi, misa ikiisha, tutagawa vitu vyake, tutamusindikiza, atatoka kwa mulango yake na heshima. Mpaka ile siku mutu asifute kitu. Mutu akifukuzwa bila kuonyeshwa njia, anaingia penye anaona wazi."

Séphora alikubali. Angengoja.

Lakini kulipokucha, alikuta upande wa Luc kitandani umepoa. Alimfuata mpaka ofisini na kusimama nyuma ya mlango. Luc alikuwa mbele ya kompyuta. Aliandika neno la siri la akaunti ya Christa bila kutazama mikono, akaanza kuongea polepole. Spika ilimjibu kwa sauti ya mwanamke, na Luc akacheka kicheko ambacho Séphora hakuwahi kukisikia.

Kumbe ule mlango haukuachwa wazi kwa ajili ya matanga tu. Luc aliufungua mwenyewe, kila asubuhi.

Séphora alingoja mumewe aende sokoni, akamwita Zacharie ofisini.

"Futa."

"Madame, shangazi alisema—"

"Shangazi ameolewa na Luc? Weye mwenyewe ulisema habari ya mulango moja."

Ndivyo alivyosema, na ndivyo kazi yake ilivyomfundisha. Alifuta akaunti ya Christa na faili zake zote, akawasha mashine upya, akaipima. Kila njia ilikuwa imefungwa.

Harufu ikazuka ghafla. Ilienda dirishani, ikarudi, ikaenda mlangoni, ikarudi, ikizunguka chumba kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na Séphora, aliyekuwa amebana pumzi tangu Zacharie alipobonyeza, akashindwa kuendelea kuibana, akavuta hewa kwa nguvu, na harufu ikaisha.

"Imetoka," Zacharie alisema.

Luc aliporudi jioni aliitazama kompyuta, akaelewa, akatoka nje. Séphora hakuona haya. Alipika bugali na mboga ya lengalenga, akatandika meza, akamwita kutoka dirishani.

"Papa Sikuli, kuya ukule."

Luc aligeuka. Alikuja mpaka mlangoni, asiingie.

"Nani alikuambia ile jina?"

Séphora hakujua amesema jina gani.

"Ile mutoto, Sikuli, aliishi usiku moja tu," Luc alinong'ona. "Hatukuambia mutu. Jina yake tuliijua mimi na Christa, basi."

Séphora alitaka kumwambia kwamba neno limemtoka lenyewe, kwamba anaogopa, kwamba amwite shangazi sasa hivi. Akafungua kinywa.

"Nilimubeba mimi," kinywa kilisema. "Namna gani nisijue jina yake?"